Wifi Anamtafuta Bibi Yangu

Jumapili, 6 Oktoba

Deogratias na mkewe wamekuja kutoka Chamazi baada ya misa ya pili. Deo ni mdogo wangu, tumezaliwa wawili tu. Mkewe, Gladness, ni mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa Rombo, na leo kaja na daftari jipya, kalamu za rangi tatu na tangazo: anataka kuandika historia ya ukoo wetu. Wetu, si wa kwao.

"Baba, kwetu babu na bibi wamezikwa hapo hapo nyumbani, kwenye migomba," akamwambia baba. "Ukitoka jikoni unawaona. Nyie wenzetu mmetawanyika mno, watoto hawajui hata bibi yao alitokea wapi."

Baba ana miaka themanini na mbili, na macho yamezibwa na mtoto wa jicho. Siku hizi anatambua watu kwa sauti. Akakigeuza kiti kuelekea sauti ya Gladness, akampa mgongo Mona wake. Mona ndiye mimi, Monica, niliyempikia ile chai aliyokuwa anainywa.

Miaka ishirini na tisa nilifanya kazi masijala, mpaka nilipostaafu. Bosi akitaka barua ya mwaka 1987, nilimwekea mezani kabla hajamaliza kulalamika. Kama kuna mtu wa kuuandika ukoo huu ni mimi, lakini hakuna aliyeniuliza. Roho imeniuma. Naandika hivyo hivyo, maana daftari hili silionyeshi mtu.

Jumatatu, 7 Oktoba

Joto. Vuli tunaisikia redioni tu.

Jumatano, 9 Oktoba

Gladness kafungua kundi la WhatsApp, "Ukoo wa Mzee Fransis". Mimi kaniingiza wa kumi na nne. Nimehesabu. Hata binamu zetu wa Masasi, ambao hatujaonana nao tangu msiba wa mwaka juzi, wamenitangulia.

Alhamisi, 17 Oktoba

Leo kapiga simu kutoka shuleni, mapumziko ya saa nne, eti ana habari za baba. Aliandika kwa misheni ya kule kwetu Kusini, na katekista mmoja kampigia picha ukurasa wa daftari la ubatizo. Baba hakuzaliwa mwaka 1942, alizaliwa 1941. Msimamizi wake wa ubatizo alikuwa mpishi wa mapadri.

Baba kacheka mpaka kakohoa. "Kumbe nimeuishi mwaka mzima bila habari! Na ndo maana napenda kula!" Akaniagiza nimrudishie simu Gladness amweleze tena tangu mwanzo. Kaelezwa mara tatu, na mara zote tatu kacheka mahali pale pale.

Mimi sijamchekesha baba tangu Pasaka. Namkata kucha, namtia dawa ya macho, namsomea Injili. Hayo hayachekeshi.

Jumapili, 20 Oktoba

Sasa mambo yamekuwa mazito.

Deo ametangaza mbele ya baba kwamba mwaka huu tutalijengea kaburi la Bibi Anjelina, mama yake baba, pale Kinondoni. Marumaru, msalaba, jina na tarehe. Fundi atakuja Jumamosi ya tarehe 30 Novemba, kabla mwezi wa marehemu haujaisha. Baba machozi yakamtoka katika yale macho yasiyoona. "Nikiliona hilo, hata kwa kulipapasa tu," alisema, "nitakwenda nimetulia." Gladness akadakia kwamba yeye atatafuta kumbukumbu za mazishi, ili tarehe itakayochongwa iwe ya kweli.

Nikasema ni wazo zuri. Kisha nikaenda jikoni kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Niliandike hapa, maana sijaliandika popote. Kaburi tunaloliwashia mshumaa si la Bibi Anjelina.

Bibi alifariki hapa Dar mwaka 1968, baba akiwa kazini reli, Tabora. Alifika wameshazika. Mjomba wake Ferdinand, kaka wa marehemu, ndiye aliyemwonyesha kaburi mara moja tu. Mjomba huyo ndiye aliyemlea baba, na kwetu mjomba ni zaidi ya baba mzazi. Alikuwa mchonga vinyago, na msalaba wa dada yake aliuchonga kwa mkono wake, na majani ya mhogo pembeni. Baba akarudi Tabora, akatuzaa huko, akakaa mpaka alipostaafu mwaka 1993. Mjomba alikuwa ameshakufa. Tulivyoingia tu Dar baba akavunjika mguu, akanituma mimi: nenda Kinondoni, upande wa ukuta, karibu na mwarobaini, utaona msalaba wa mjomba.

Nilikuwa na miaka ishirini na nne. Nilikwenda na Benson, yule aliyekuja kunioa na baadaye zaidi akaja kuniacha. Tulipitia soda, soda ikazaa maongezi, tukafika makaburini saa kumi na moja. Miarobaini ilikuwa mingi na misalaba ya mbao haikuwepo hata mmoja. Mchwa wameila, au watu wameifanya kuni. Nilitafuta nusu saa. Benson alikuwa na haraka. Nikachagua tuta moja lisilo na jina, lililokaa vizuri.

Nikamwambia baba nimeliona. Na kwa kuwa aliuliza nimelijuaje, nikasema nimekuta kipande cha msalaba, chenye majani ya mhogo.

Baba alilia siku ile. Alinishika kichwa akasema, "Mona ndiye macho ya ukoo huu." Tangu hapo, miaka thelathini na mmoja, kila tarehe mbili Novemba mimi natangulia mbele na wote wananifuata. Ndicho kitu pekee ninachowazidi. Deo ana nyumba, ana mke, ana watoto watatu. Mimi nina tuta.

Alhamisi, 24 Oktoba

Gladness kaja baada ya vipindi. "Shikamoo wifi." Marahaba. Anataka kujua zamani watu wa Kusini waliohamia hapa walizikana vipi, kama kulikuwa na chama.

Kilikuwepo. Waislamu na Wakristo pamoja, chama cha kuzikana, na katibu wake aliandika kila maziko kwenye daftari. Katibu alishafariki, mjane wake, Bibi Hamisa, yuko hapa hapa Chang'ombe, mitaa minne kutoka kwetu. Nayajua haya vizuri, kwa sababu miaka kumi iliyopita nilikwenda kwake kimya kimya, nikitaka kusahihisha kosa langu bila mtu kujua. Nilimkuta uani anapepeta mchele. Kabla sijamaliza kueleza shida yangu, akaniangalia juu mpaka chini akasema, "Nyie watu wa kwenu kwa wizi! Mlianza na kuku zetu, sasa mnaiba mpaka makaburi!"

 Nikajua anajua. Nikaaga, na sijapita mtaa ule tena, hata nikitumwa sokoni nazunguka.

Nikamwambia Gladness, "Chama kilikuwepo, wifi, lakini madaftari yote yaliliwa na mchwa."

Akaandika kwa kalamu nyekundu: mchwa.

Jumatatu, 28 Oktoba

Mawingu tangu asubuhi, hata tone. Baba kauliza Gladness anakuja lini.

Jumamosi, 2 Novemba

Siku ya Marehemu Wote. Makaburi ya Kinondoni yalijaa watu wenye ndoo, mafyekeo na mishumaa. Nilitangulia kama kawaida yangu. Nilifyeka majani ya yule marehemu wa watu, nikapiga chokaa ule msalaba wa saruji tuliouweka baadaye. Fundi alipima kwa futi yake: urefu, upana.

Kila mwaka sala naisoma mimi. Leo baba kasema, "Gladness asome, ana sauti ya mwalimu, naisikia vizuri." Nikamkabidhi kitabu. Alisoma polepole, tena bila raha, na alipofika kwenye jina la Anjelina alisita. Alikuwa anatazama kule ukutani, si kaburini.

Mimi nilikuwa na wivu mno hata sikujiuliza anatazama nini. Kusoma kwenyewe kwa kawaida tu. Hata "Raha ya milele" kaitaja kama anafundisha imla.

Alhamisi, 7 Novemba

Mvua ya kwanza, saa nane mchana, ya dakika kumi. Imeishia kuamsha vumbi.

Gladness kaja peke yake. Baba alikuwa amelala. Hakukaa sebuleni, alinifuata jikoni, akasimama mlangoni kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini. Akatoa karatasi kwenye mkoba.

"Wifi, usinielewe vibaya. Kuna mtoto darasani kwangu, bibi yake ni Bibi Hamisa. Tumeongea kwenye kikao cha wazazi. Yale madaftari hayajaliwa na mchwa."

Ilikuwa nakala ya ukurasa, mwandiko wa kalamu ya wino, umelala kulia. Nimeunakili hapa kama ulivyo:

"Anjelina, dada wa Ferdinand mchongaji. Amezikwa 14 Machi 1968. Upande wa ukuta, mstari wa pili. Kulia kwake mtoto wa Jovina. Kushoto kwake Flaviana wa Lindi. Ferdinand amechimba mwenyewe tangu alfajiri, amekataa kupokewa jembe. Mvua."

Kaburi letu liko mstari wa tisa.

"Nimeipata siku mbili kabla ya Marehemu Wote," Gladness akasema. "Sijamwonyesha mtu. Hata Deo. Nikaona wewe ndo mwenye jambo hili, umelishughulikia miaka yote. Mwambie baba wewe. Useme umelipata wewe, mie sitatia neno."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu najua baba anavyokuona."

Nilitaka kumpiga na mwiko. Angenidhalilisha mbele ya ukoo mzima ningemchukia kwa raha zangu. Lakini huyu kanihurumia. Kasimama jikoni kwangu, kashika heshima yangu mkononi, na kanirudishia kama chenji. Hata ubaya wangu kauona na kaufunika na kanga. Nikamwambia asante wifi.

Ijumaa, 8 Novemba

Namchukia. Mvua.

Jumamosi, 9 Novemba

Nimekwenda kwa Bibi Hamisa. Nilisema kama ni aibu, bora niipate yote kwa mpigo.

Yupo vile vile uani, amekonda tu. "Shikamoo bibi."

"Marahaba. Heee! Mwizi wa makaburi karudi!"

 Nikasema, "Bibi, ulijuaje?"

"Nilijuaje nini?"

"Kwamba... kwamba tuliiba."

Akanitazama, akaweka ungo chini, akaanza kucheka mpaka akajifunika mtandio usoni. "We mtoto! Si utani huo? Watu wa kwetu na wa kwenu ni watani tangu enzi za mababu. Baba yako nikikutana naye namwita mchawi, yeye ananiita mlafi, tunashikana mikono tunaendelea na safari. Siku ile wewe ukanuna, ukaondoka. Nikasema huyu kakulia Tabora, hata watani wake hawajui."

"Na Gladness je?"

"Yule Mchaga wenu? Nilimtukana vile vile, nikidhani ni damu yenu. Akanijibu, 'Bibi, mie nimeolewa tu, wezi ni wao.' Nikampenda hapo hapo. Nikamfungulia sanduku."

Miaka kumi. Lile sanduku la bati lilikuwa mitaa minne kutoka kitandani kwangu, na ufunguo wake ulikuwa kucheka. Mgeni kutoka mlimani kaujua utani wa kwetu kuliko mimi mwenye ukoo.

Kutoka pale nilichukua bajaji hadi Kinondoni. Mstari wa pili, upande wa ukuta. Mtoto wa Jovina yupo, jina limeandikwa kwa kidole kwenye saruji mbichi. Flaviana wa Lindi yupo, ana kigae cha bluu. Katikati yao pamedidimia, majani yamenifika kiunoni, na mtu kageuza pale jalala la maua makavu ya wengine. Nilisimama mvua ikinipiga. Nilimsalimia, "Shikamoo bibi." 

Jumapili, 10 Novemba

Nimemwambia baba. Nimemwambia kama Gladness alivyotaka: kwamba nimetafuta, nimepata daftari la chama, kaburi la bibi ni jingine. Deo na Gladness walikuwepo. Baba akauliza una hakika, nikasema nimesimama pale jana kwa miguu yangu. Akanyoosha mkono hewani kunitafuta. "Mona wangu. Si nilisema? Macho ya ukoo huu."

Gladness alipiga makofi. Kweli kabisa, alipiga makofi.

Jumanne, 12 Novemba

Kundi la WhatsApp limejaa pongezi. Masasi wameandika, Nachingwea wameandika, binamu mmoja aliyeko Mwanza kaandika "dada Monica ni maktaba". Nimezisoma mara nyingi. Jana na leo baba kaniita kila baada ya muda mfupi, bila shida yoyote, aniite tu.

Ni tamu. Sitasema uongo hapa, ni tamu sana.

Alhamisi, 14 Novemba

Mvua kutwa nzima. Baba hakula vizuri. Anawaza.

Jumapili, 17 Novemba

Leo ni siku ya kuandika majina. Parokiani mwezi huu kila familia inapeleka bahasha yenye majina ya marehemu wake, wasomewe misa hadi mwisho wa mwezi. Baba hutaja na mimi huandika. Mwaka jana nilihifadhi nakala, kwa hiyo nilianza kumsomea tuithibitishe: Anjelina. Ferdinand.

"Futa huyo," baba akasema.

Nikadhani hakusikia vizuri. "Ferdinand, baba. Mjomba."

"Nimesikia. Mfute." Alikuwa ameshika mkongojo kwa mikono miwili. "Wiki nzima nafikiri. Wewe mwaka ule ulikuta msalaba wa mjomba pale kwenye lile kaburi, si ndiyo? Wenye majani. Basi aliyeuweka pale ni yeye. Alimwekea msalaba mtu baki, akamwacha mama bila kitu. Watu walisemaga, nikawa sitaki kuamini. Walisema siku ya maziko alikuwa kalewa, hakujua hata dada yake anaingizwa shimo gani. Kisha akanishika mkono mie, akanionyesha kaburi la watu. Kanidanganya hadi kafa."

"Baba, labda..."

"Nimemwombea miaka hamsini. Inatosha. Futa."

Nilikuwa na kalamu mkononi. Katika droo ya kabati, hatua tatu kutoka pale, ilikuwepo ile karatasi: Ferdinand amechimba mwenyewe tangu alfajiri, amekataa kupokewa jembe. Wakati namsomea baba wiki iliyopita nilikomea kwa Flaviana wa Lindi. Sentensi ile niliiona haina kazi.

Nikafuta. Nilipiga mstari mmoja kama tulivyofundishwa masijala, jina bado likisomeka chini yake.

Jumatatu, 18 Novemba

Bahasha sijaipeleka.

Jumatano, 20 Novemba

Mvua. Baba kasimulia jirani yetu mmoja habari za mjomba mlevi. Amesimulia kwa sauti kubwa, dirisha wazi.

Ijumaa, 22 Novemba

Gladness kapiga simu. Kauliza, "Wifi, baba anasema mambo ya mjomba. Ile karatasi si imeandika alichimba mwenyewe?" Nikamwambia najua ilivyoandikwa, sihitaji kusomewa. Nikakata simu.

Anaijua. Na amekaa kimya kwa sababu aliniahidi. Nimekaa kitandani nikamchukia kidogo, kwa mazoea, na chuki haikunoga.

Jumapili, 24 Novemba

Sikwenda kanisani. Nilimpa baba chai, nikasubiri amalize, nikachukua kiti kidogo nikakaa karibu na magoti yake.

Nilimweleza yote. Benson, soda, saa kumi na moja, tuta. Nikamwambia hapakuwa na msalaba. Majani ya mhogo niliyatoa mdomoni kwake mwenyewe, kwa kuwa alikuwa amenisimulia. Nikamsomea karatasi yote, mpaka jembe, mpaka mvua. Nikamwambia, "Mjomba hakulewa, baba. Alikuonyesha kaburi la kweli. Aliyekudanganya ni mimi."

 Nikaona bado kuna kitu kimoja kimebaki, na hicho ndicho kilichogoma kutoka. Uongo wa miaka thelathini na mmoja ulikuwa umetoka kama maji. Hiki nilikivuta kwa nguvu.

"Na daftari alilipata Gladness, si mimi."

Mvua iligonga bati muda mrefu. Hatimaye baba akasema, taratibu sana, "Mama yangu kakaa bila mshumaa miaka thelathini na mmoja."

Nilisema ndiyo.

"Na mie nimempaka matope mtu aliyenilea."

Nilisema ndiyo.

"Andika upya lile jina. Liwe la kwanza." Nikaandika. "Na yule tuliyekuwa tunamfyekea, yule wa watu. Mwandike naye." Nikauliza nimwandike nani, hatumjui. Akasema, "Andika hivyo hivyo."

Kisha akageuza uso ukutani. Bahasha nimeipeleka parokiani mwenyewe, kwa miguu, nimelowa.

Jumatatu, 25 Novemba

Hasemi nami.

Jumanne, 26 Novemba

Hasemi nami. Anakula nikiweka sahani na kuondoka. Gladness kaja jioni, wakaongea saa nzima. Nilisikia baba anacheka kidogo.

Alhamisi, 28 Novemba

Deo kapiga simu, kanigombeza kama mtoto, mimi niliyemfundisha kufunga kamba za viatu. Nimemwacha aseme. Kundini hakuna aliyeandika lolote. Kimya chao nakisoma kama nilivyokuwa nazisoma pongezi.

Gladness kaja tena. Kamtia baba dawa ya macho. Dawa ile huwa natia mimi. Nilisimama mlangoni, nikaona kidevu cha baba kimelala kwenye kiganja chake, na ningetoa chochote nilicho nacho kiwe changu kile kiganja. Nimesema kweli, nimeomba msamaha, nimeandika majina. Nilidhani wivu nao ungeondoka pamoja na uongo. Wapi! Umebaki peke yake nyumba nzima, umejinyooshea miguu.

Jumamosi, 30 Novemba

Fundi alianza saa moja asubuhi, akamaliza saa nane. Mvua ilijizuia kunyesha. Tuliingia makaburini saa tisa: baba, Deo na watoto wake watatu, Gladness, mimi nyuma nimebeba ndoo na mafyekeo, ingawa hapakuwa na cha kufyeka tena. Sikutangulia. Deo ndiye aliyejua njia, maana alisimamia ujenzi.

Pale getini Gladness akamshika baba mkono, kama alivyozoea wiki hii. Ardhi ilikuwa tope, utelezi. Walipiga hatua mbili tatu. Baba akasimama.

"Mona yuko wapi?"

Wote wakageuka. Nikasema, "Niko hapa, baba." Ilikuwa mara ya kwanza kuniita tangu Jumapili.

Akautoa mkono wake kwenye mkono wa Gladness. Hakuutoa kwa ubaya, aliutoa tu, akaunyoosha hewani nyuma yake.

"Aliyenipoteza ndo atakayenipeleka," alisema. "Njoo unionyeshe. Na safari hii uangalie."

Nikaweka ndoo chini. Nikamshika. Mkono ulikuwa mwepesi kuliko nilivyoukumbuka. Tukaanza kwenda, mimi na baba mbele, nikimwambia hapa pana jiwe, hapa inua mguu. Alitii kila neno. Hakuniambia amenisamehe. Aliegemea tu.

Kwenye kona ya mstari wa pili niligeuka kuona kama wote wanafuata. Gladness alikuwa wa mwisho. Alikuwa ameiokota ile ndoo yangu, kashika na mafyekeo, viatu vyake vya shule vimejaa tope. Alikuwa anautazama mkono wa baba uliokuwa kwangu. Anatabasamu, mwalimu huyo, lakini macho hayakuwemo kwenye tabasamu. Mtoto wa watu kampata bibi yetu ndani ya sanduku la bati, kalinda siri yangu, kamtia baba dawa wiki hii, na baba kamwachia mkono mbele ya wanawe. Sikuhitaji kuelezwa. Ile sura naijua, nimeivaa tangu Oktoba.

Nitaandika ukweli, maana daftari hili silionyeshi mtu. Ilinipendeza. Nilimwona anaumia, nikasikia utamu mpaka kwenye meno, nikaendelea kutembea.

Nilipita makaburi manne. Kisha nikasimama, nikamwita aje ashike mkono wa pili.